Olumbi Walipokuja Kucheza Uani Kwetu

"Jaza polepole, Mwanasha. Leo hakuna anayekurushia."

Nilikuwa nimechutama pale njia panda ya Awasse, kando ya ndoo ya mama mmoja muuza maji, nikijaza chupa yangu kwa kikombe. Magari yote ya kwenda kaskazini yalikuwa yamepangwa barabarani yakingoja koluna ya askari iyasindikize, na aliyewahi kungoja koluna anajua kwamba siku hiyo si yako tena. Watu walitandika kapulana, ndizo kanga zetu, kwenye vivuli vya malori, wakala muhogo wa kuchoma, wakagombana na madereva, wakapatana nao. Mimi sikuwa na habari na mtu. Niliikimbia Palma vita vilipoingia, nikarudi, nikashuka Pemba kumwona mjukuu, sasa narudi tena, na safari hizi zimenizoesha kutowatazama watu usoni, maana kila uso una mambo yake na mimi yangu yananitosha. Lakini sauti ile niliijua kabla sijageuka. Kikombe kilinitoka mkononi kikazama ndooni, na mama muuza maji akanitukana kidogo.

Alikuwa Zaina wa Olumbi. Amenenepa, amevaa miwani ya kiume iliyofungwa uzi upande mmoja, lakini amesimama vile vile, mguu mmoja mbele, kama mtu anayepima umbali. Tulishikana, tukalia pale pale mbele ya watu. Miezi ile ya kukimbia nilipata habari kwamba Zaina amefia njiani akielekea mpakani, na nilipomwambia kwamba nilimsomea hitima alijifuta machozi akaniuliza, "Mlipika nini?" Nikasema wali na maharage. "Kwa ajili yangu mie? Hata kuku?" Nikamwambia tulikuwa wakimbizi, kuku angetoka wapi. "Basi hitima hiyo haikunifika," akasema. "Ndiyo maana sijafa." Tukacheka mpaka wasichana wawili waliokuwa karibu wakaacha simu zao, na mmoja akauliza kwa heshima, "Bibi, mnajuana toka eskola?" Zaina akamjibu kwamba hapana, si shuleni, huyu ni adui yangu.

Na kweli tulikuwa maadui, kwa maana nzuri kabisa ya neno hilo, kwa sababu ya mchezo wa rede. Siku hizi mtu akisema mpira watu wanafikiri wanaume ishirini na wawili na kelele za redio. Sisi mpira wetu ulikuwa wa wasichana. Upande mmoja unasimama katikati ya mistari miwili iliyochorwa mchangani, na upande wa pili unawarushia mpira, mmoja huku na mwenzake kule. Anayepigwa mwilini anatoka. Katikati kuna chupa tupu, na kazi ya walio ndani ni kuijaza mchanga kwa mikono mpaka mdomoni, huku wanakwepa. Ikijaa, aliyeijaza anaiinua juu na upande wake umeshinda. Wakitolewa wote kabla haijajaa, wameshindwa, na watatembea wiki nzima wakiangalia chini. Niliwaeleza wasichana wale wa Awasse, nao wakatikisa vichwa kwa adabu, vile vijana wanavyotikisa wakisimuliwa jinsi zamani samaki walivyokuwa wakubwa.

Palma na Olumbi walichezana tangu enzi za bibi zetu, kila mwaka, mara moja kwao na mara moja kwetu. Tulitofautiana hata kwa mpira wenyewe. Sisi watu wa mjini tulifunga matambara ndani ya soksi, tukazungushia nyuzi za nyavu kuukuu. Olumbi walikuwa na mibungo porini, wakagema utomvu wake na kuuzungusha mikononi mpaka ukawa mpira wa kweli, mweusi, unaodunda, unaonuka moshi. Ukikupiga mgongoni unalala kifudifudi siku mbili. Leo watoto wanarusha mipira ya plastiki kutoka dukani, myepesi, inayochukuliwa na upepo, na wakipigwa wanacheka. Mimi nasema mtu hawezi kujifunza kukwepa kitu kisichouma. Binti yangu anasema nazeeka vibaya, na huenda yuko sahihi, lakini hajawahi kupigwa na mpira wa mbungo.

Kisha vita vile vya kwanza, vya enzi za utoto wetu, vikakata barabara, na kwa miaka mingi Olumbi ikawa kama nchi nyingine. Mwaka ninaousimulia ni ule uliofuata baada ya vita hivyo kwisha, magari yalipoanza tena kupita na watu wakawa wanasafiri hata bila shughuli, ili mradi tu waone kwamba inawezekana. Tulienda Olumbi sisi kwanza, baada ya mavuno. Tulilala katika nyumba ya mwanamke mmoja aliyetupikia ugali na kisamvu cha nazi ndani ya sufuria kubwa kuliko mimi, na mchana wake Zaina akatutoa wote mmoja mmoja. Sikuwahi kumwona kabla. Alikuwa mwembamba, mdomo wazi, na alikuwa na tabia ya kukutazama goti la kushoto kisha akarusha kulia. Mimi nilikuwa mjazaji, mwenye viganja vyepesi kuliko wasichana wote wa Palma, na nilibaki wa mwisho. Chupa ilikuwa imefika shingoni aliponipiga begani. Alikuja akaniinua, akanipangusa mchanga, akaninong'oneza, "Idd tunakuja kwenu. Jifunze kukwepa." Sijawahi kumchukia mtu vile, wala kumpenda mtu vile kwa maneno machache.

Kuanzia siku ile sikuwa na jambo jingine. Nilikula haraka, niliswali haraka, Mungu anisamehe, nikatoka kwenda kukwepa. Binamu yangu Fatu alinirushia maembe mabichi kwa sababu yalikuwa mazito kama mbungo. Mama alikuwa akinitazama toka jikoni. Mama alikuwa mwanamke wa mwendo wa taratibu, anayejulikana mtaani kwa utulivu wake. Mvua ikimkuta njiani hakukimbia, aliinyoosha kapulana kichwani akaendelea kutembea, na watu walimsifia kwa hilo. Nami nilijua, kama kila msichana alivyojua, kwamba muda wangu si mrefu. Kwetu msichana akivunja ungo anawekwa ndani, anafundwa, na akitolewa ni mtu mzima. Mtu mzima hachezi rede. Hakuna aliyekataza kwa ukali, kwa sababu hakuna aliyejaribu. Niliomba tu yanipite mpaka baada ya Idd.

Hayakunipita. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa katikati nilipoona damu, nikakaa chooni muda mrefu nikitafuta namna ya kuifanya isiwepo. Nilipomwambia mama alinishika uso kwa mikono miwili, akafurahi mno, akapiga kigelegele kimoja kifupi, na mimi nikalia. Alidhani nalia kwa haya. Jioni ile aliitwa Bi Anshaa, kungwi wa mtaa wetu, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, na nikawekwa katika chumba cha nyuma ambamo zilikuwa zikiwekwa nazi na papa mkavu. Walimwondoa papa, lakini harufu yake ilibaki nami. Kulikuwa na kitanda cha kamba, mkeka, dirisha lililozibwa kwa gunia, na mlango wenye pazia unaotokea uani. Nilipakwa msiro, ile dawa nyeupe ya mti inayosagwa juu ya jiwe, uso mzima, asubuhi na jioni. Niliambiwa nisiseme kwa sauti, nisimtazame mwanaume, nisitoke.

Siwezi kusema nilinyanyaswa. Nililishwa kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Uji wa mchele wenye tui, supu ya kuku, ndizi za kuchemsha zilizopondwa na asali, siku za mwanzo hata mchana kweupe wakati nyumba nzima imefunga. Mafunzo ya Bi Anshaa mengi yananisaidia mpaka leo, na mengine sitayaandika kwa sababu hayaandikwi. Lakini ukuta kati ya chumba changu na jiko ulikuwa wa miti na udongo, haukufika juu, na kwa hiyo niliishi kwa masikio. Nilisikia nani amepika nini, nani ameolewa na mtu asiyefaa. Nilimsikia Fatu akimwambia mama kwamba bila mimi timu haina mjazaji, kwamba yule waliyemweka anajaza chupa kana kwamba anatia chumvi kwenye mchuzi. Na siku chache kabla ya Idd, mama akipepeta mchele, nilimsikia Bi Anshaa akisema, "Mwanao analia kila nikimwacha."

"Ataacha," mama akajibu. "Wote huacha."

"Weye uliacha?"

Mchele ukaendelea kupepetwa, shaa, shaa, muda mrefu. "Mie nilikuwa na mengi ya kufanya," mama akasema. Kisha wakazungumza bei ya tui, maana nazi zilikuwa adimu, na mimi nikabaki nimelala chali nikitazama paa. Ilikuwa mara ya kwanza nilipofikiri kwamba mama yangu aliwahi kuwa na umri kama wangu. Nilikuwa najua, bila shaka, kila mtu anajua. Ila sikuwa nimewahi kulifikiria mpaka likaniuma.

Idd pili Olumbi wakaja. Nilisikia lori la chumvi kabla ya kuzisikia nyimbo zao, na nilizisikia nyimbo zao mtaa mzima kabla hawajafika. Nikajifunika shuka kichwani. Nilitegemea watapita kwenda uwanjani, nitasikia kelele kwa mbali, na mambo yatakuwa yamekwisha. Badala yake mtu akabisha mlangoni mwa ua wetu. "Hodi! Sie wa Olumbi. Tumemjia Mwanasha."

Mama akajibu kwa upole kwamba Mwanasha ni mwali, na mwali hatoki.

"Shikamoo, mama," ilikuwa sauti ya Zaina. "Tumeambiwa. Lakini tumetoka Olumbi juu ya magunia ya chumvi, mwili wote unatuwasha. Hao waliobaki kule uwanjani tunaweza kuwashinda tukiwa tumelala. Hatukuja kwa ajili yao."

"Mwanangu, ndiyo desturi."

"Najua, mama. Na mie mwakani yatanikuta. Ndiyo maana tumekuja mwaka huu."

Hapo nilikaa kitandani. Sikuwa nimefikiri kwamba Zaina naye alikuwa akihesabu muda kama mimi, kwamba alikuwa amelala kwao Olumbi akiogopa kitu kile kile. Kisha nikasikia mkeka ukilia, Bi Anshaa akiinuka, na sauti yake nzito ikasema, "Mwali hatoki ndani. Hilo halina mjadala. Sasa nauliza, mwali anaoga wapi?"

"Uani," mama akasema.

"Akioga, tunasema katoka?"

"La."

"Basi uani ni ndani. Wanaume wa nyumba hii waende barazani wakanywe chai, mlango wa ua ufungwe, na hao wa Olumbi waingie."

"Bi Anshaa, kuoga si kurushiana mpira."

"Atatoka jasho, kisha ataoga. Yote mambo ya uani. Hajatolewa huyu, bado yuko katikati. Acha amalizie." Na kwa vile katika mambo hayo neno la kungwi haliwezi kupingwa hata na mama mzazi, mama akaenda kuwafungulia mlango.

Nikiufikiria sasa ua wetu, haukuwa na ukubwa wa kuchezea hata bao. Wanawake wa mtaa walikuja kusaidia kuuondolea vitu, mitungi, mabeseni, uchaga wa vyombo, kuku na vifaranga wao waliofungiwa chooni. Vyungu vya Idd vilibaki mekoni, na mama akasimama mbele yake na upawa mkononi kama askari. Mistari ilichorwa kwa jivu. Nikatoka nje ya pazia nikiwa na msiro usoni na kapulana mbili mwilini, moja kiunoni na moja kifuani, kwa sababu Bi Anshaa hakukubali nipunguze hata moja. Mwanga wa jua uliniumiza macho. Zaina alikuwa upande wa choo, mpira wa mbungo mkononi. Alinitazama uso mweupe, akasema, "Wamekufanya mzimu." Nikamwambia arushe, aache maneno.

Walitolewa wenzangu wote, mmoja baada ya mwingine, Fatu akiwa wa mwisho, alipigwa nyuma ya paja akaangukia beseni lililosahauliwa pembeni. Nikabaki peke yangu. Chupa ilikuwa imefika nusu. Sikumbuki kuogopa. Nakumbuka msiro ukiyeyuka na kuingia machoni, mchanga ule wa uani uliochanganyika na jivu na magamba ya samaki, mpira ukigonga ukuta wa jiko na kuangusha udongo. Wiki zile za supu zilikuwa zimeniongezea uzito, lakini zilikuwa zimeniongezea nguvu pia. Nilichutama, nikateka, nikaruka, nikateka tena. Nilitazama mkono wake, sikutazama macho, na alipojifanya analenga goti la kushoto mimi nikaenda kushoto hasa, na mpira ukapita kulia. Nilimsikia akicheka kwa hasira. Nikateka kiganja cha mwisho, nikainua chupa juu, na wakati ule ule nikahisi kapulana ya kiunoni ikivutwa na upepo wa mpira, au na mpira.

"Kapigwa!" Olumbi wakapiga kelele.

"Nguo tu! Nguo si mwili!" Palma wakajibu.

"Nguo ni mwili! Kwetu nguo ni mwili!"

Ubishi huo haujaisha. Pale Awasse, kichwa chake kikiwa na mvi na changu vile vile, Zaina aliniambia mbele ya wasichana wale kwamba aliona kwa macho yake mpira ukigusa paja, na mimi nikamwambia avae miwani yake vizuri. Aliniambia pia kwamba nyumba yao Olumbi imebaki kuta, lakini mibungo ipo, imeota zaidi kwa vile hakuna aliyeigusa. Alikuwa ameshamfundisha mjukuu wake wa kike kugema. Tukakubaliana kwamba Idd ijayo watakuja kwetu, Mungu akitupa uzima na barabara, yeye na mjukuu na wengine watakaopatikana. Wasichana wale wawili wakauliza kama na wao wanaweza kuja, na mmoja akajaribu kuchutama pale pale na kapulana yake, akaanguka. Askari walipofika na magari kuanza kuwashwa, kila mmoja alirudi kwenye lori lake. Nilimsikia akinipigia kelele kwa mbali lile neno lake la nguo, na nikamjibu langu.

Lakini siku ile uani kwetu ubishi haukubaki kwa wasichana. Bi Anshaa aliombwa aamue, akakataa, akasema yeye ni kungwi wa mambo mengine. Wanawake waliokuja kuhamisha mitungi wakaanza kukumbushana enzi zao. Mmoja akasema zamani nguo ilikuwa mwili. Mwingine akasema labda kwenu. Mmoja akasema kwamba mpira ukigusa pindo huchezwa upya, wa pili akamwambia hujui kitu, weye ulikuwa unatolewa wa kwanza. Sauti zikapanda. Mimi nimesimama katikati na chupa yangu, hakuna anayeniangalia tena.

"Hamjui mnalosema," mama akasema.

Hakusema kwa nguvu, lakini wote walimgeukia, kwa sababu mama hakuwa mtu wa kuingilia mabishano. Aliweka upawa juu ya chungu. "Nguo haikuwa mwili," akasema, "kwa sababu hatukufunga hivyo mnavyofunga nyie, ikaning'inia kama pazia. Tulifunga hivi." Akaivuta kapulana yake juu ya magoti, akaipitisha katikati ya miguu, akaikaza nyuma kiunoni kwa fundo moja. Sikuwa nimewahi kuyaona magoti ya mama yangu. "Ukifunga hivi hakuna ubishi. Mpira ukigusa, umegusa mtu." Kisha akavuka mstari wa jivu, akaja mpaka nilipokuwa, akanipokonya chupa, akaimwaga mchanga wote na kuiweka chini tupu.

"Mama," nikasema.

"Nenda kule mwisho."

Nikaenda. Zaina alikuwa ameshika mpira, na kwa mara ya kwanza nilimwona hajui afanye nini na mikono yake. Akanirushia mimi, taratibu, juu ya kichwa cha mama. "Mama yako huyo," akasema. "Mie siwezi." Mpira ulikuwa wa moto kwa jua. Mama alichutama mbele yangu, viganja vimefunguka, mabega yamelegea, akinitazama mkono na si macho, na nikaelewa ni nani aliyekuwa mjazaji wa Palma kabla yangu. Wiki zote zile nililia nikidhani nimefungiwa mlango nyuma yangu, na yeye aliyeufunga ndiye huyu.

"Unangoja nizeeke?" akasema. "Rusha."

Nilijua nikirusha kwa huruma hatanisamehe. Nikaurusha kwa nguvu zangu zote. Mama akaukwepa, akacheka kwa sauti ya msichana nisiyemjua, na mkono wake ulikuwa tayari umeshateka mchanga.